Ghala Lililomngoja Mgeni

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, povu likiwa bado shavuni. Mtu alichungulia mlangoni akasema, "Mwenyekiti wa ushirika ametuacha," na kinyozi akasimamisha wembe hewani. "Pole yetu," akasema. "Huyo mzee alikuwa safi." Neno hilo hilo nilikwenda kulisikia siku ya mazishi, nimekaa chini ya turubai, viongozi wa ushirika wetu wa wakulima wakipokezana kipaza sauti tangu asubuhi hadi jua likatufikia miguuni. Makamu wake alisema alikuwa safi. Katibu alisema alikuwa safi. Mwekahazina alitoa leso, akafuta macho makavu, akasema hajawahi kuona mtu safi kama yule. Wanaonisoma kila wiki wanajua mimi si mtu wa kuvuruga matanga ya watu, kwa hiyo nilinyamaza, nikatupa udongo wangu kaburini, nikawashika wafiwa mkono. Lakini nilirudi nyumbani na kinyaa ambacho mpaka leo ninapoandika hakijaisha. Na si kinyaa cha marehemu peke yake. Ni cha wote walioshika kile kipaza sauti, maana walijua vizuri sana wanachokiruka.

Nianze na haki yake. Marehemu hakuwa mwizi, na hilo kwetu si jambo dogo. Aliyemtangulia kwenye kiti, mtu wa ukoo wetu wenyewe, alipakia magunia ya wanachama kwenye lori mchana kweupe, akatupungia mkono akipita. Tulipomfukuza tukasema safari hii tunataka mtu asiyegusa cha mwenzake. Tukampata huyu, karani mstaafu kutoka nyanda za juu, aliyekuwa amenunua shamba kando ya mfereji wa kumwagilia na kujenga nyumba mtaani Kiwanjani, karibu na chumba nilichopanga mimi nikifundisha shule ya msingi. Alikuwa mchangamfu, mwenye soga, wa kukusalimu mpaka akakuuliza habari za kuku wako. Jioni moja nilimwona akikanyaga baiskeli kurudi ghalani kwenye vumbi lile lote, kwa sababu alifika nyumbani akakuta muhindi mmoja wa ushirika umenasa kwenye karia. "Mwalimu," aliniambia akihema, "leo ni muhindi, kesho ni gunia." Tulicheka, tukampenda. Tukampa ufunguo wa ghala, ufunguo mmoja tu, na wanachama wenyewe wakapitisha kwamba mlango usifunguliwe bila yeye.

Halafu ukaja ule ukame. Aliyekuwa hapa Isiolo mwanzoni mwa miaka hii ya themanini hahitaji kusimuliwa. Malori yaliingia kutoka Sericho na ng'ombe wa kushikiliwa wasianguke, bei ya mnyama ikaporomoka, na unga madukani ukawa wa kujuana. Mashamba ya mfereji ndiyo yaliyotoa kitu, kwa kuwa mto ulikuwa na maji kidogo wakati mahindi yakibeba. Yalikuwa mavuno makubwa ya kwanza tangu ushirika uanze. Wanachama, Waborana kwa Wameru, Waturkana kwa Wasomali, walileta magunia kwa punda na kwa migongo mpaka ghala jipya la mabati likajaa, kila mtu na alama yake kwenye gunia lake. Mpango ulikuwa wazi: kila mmoja achukue chakula cha nyumba yake, kinachobaki kiuzwe kwa pamoja. Siku ya kugawa ilipofika, mwenyekiti alitia kufuli mlangoni, akafunga na utepe mwekundu kutoka nguzo hii hadi ile, akatangaza kwamba ghala litafunguliwa na mgeni rasmi.

Alikuwa na sababu, na alizieleza kwa utulivu. Mkubwa mmoja wa Nairobi alikuwa amedokeza kwamba ushirika utakaoonyesha mavuno utapewa pampu ya maji. Marehemu aliiota pampu ile. Aliniletea risala aliyoiandika kwa mkono wake, akitaka nimnyooshee Kiswahili, na kulikuwa na sentensi aliyoipenda kuliko zote: "Mheshimiwa, ghala unaloliona limejaa hadi darini." Nilimuuliza itakuwaje watu wakila kwanza, mgeni aje baadaye. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, mkubwa akikuja apate ghala nusu, atasema hawa ni watu ya kula tu. Ngojeni kidogo. Wiki moja haiui mtu." Wiki ikapita, ukaja ujumbe kwamba mgeni ana kikao. Ikapangwa siku nyingine, mgeni akasafiri. Wanachama walinung'unika, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu ni nani angemgombeza mtu aliyerudisha muhindi mmoja?

Kati ya wanachama hao alikuwapo mjane wa Kiborana kutoka Biliqo. Aliingia mjini na watoto baada ya mifugo yao kufa, akabakiwa na ng'ombe mmoja tu, jike aliyekuwa bado anakamuliwa, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mtoto wake wa mwisho. Hakuwa ameshika jembe maishani mwake. Alipewa kipande mwisho wa mfereji, akakizungushia boma la miiba utadhani mahindi yatatoroka usiku, watu wakamcheka, na bado akavuna vizuri kuliko wengi waliomcheka. Gunia lake alilifunga kwa kitambaa cha manjano. Nilikuwa sebuleni kwa mwenyekiti, risala ikiwa mezani kati yetu, mama huyo alipoingia na mtoto mgongoni.

"Salaam aleikum, Mwenyekiti."

"Habari, Mama. Karibu kiti."

"Kiti sitaki. Nataka debe moja tu. Ile mahindi yangu, ya kitambaa ya manjano."

"Najua ni yako, Mama. Hakuna mtu ataguza."

"Hata mimi?"

Mzee alicheka kwa upole. "Nikifungulia wewe leo, kesho nitakataza nani? Sheria ni sheria. Mgeni akishaenda tu, wewe utakuwa wa kwanza."

"Mgeni akikuja kwangu, mimi napatia yeye maziwa," alisema mama. "Huyu yako ni mgeni gani, mpaka watoto walale njaa ndio yeye afurahi?"

Mwenyekiti alimwambia Mungu hawasahau wenye subira. Kisha akafungua kabati, akampa mtoto peremende.

Wiki hiyo hiyo mama alimuuza ng'ombe wake. Aliyemnunua ni kamati ya ushirika, kwa sababu ilikuwa inatafuta wa kumchinjia mgeni. Mwenyekiti alinieleza mwenyewe tukiwa tumesimama uani, uso umemng'aa. "Nimesaidia yule mama. Tumenunua ng'ombe yake kwa bei ya haki, si kama hao wachuuzi." Na ni kweli, bei ilikuwa ya haki. Mama alikwenda na pesa hizo dukani akanunua unga kipimo kwa kipimo, akipita mbele ya ghala lenye mahindi yake kwenda na kurudi, mpaka pesa zikaisha na maziwa hayapo tena, mtoto akaanza kudhoofika.

Siku ya mgeni kamati ilivaa suti. Wanawake walipangwa mstari wa kuimba, na yule mama alikuwa mmoja wao, mtoto mgongoni. Mchana ukapita, pilau ikaiva, nyama ya yule ng'ombe ikapakuliwa kwenye masinia. Mara akafika mjumbe: mgeni haji. Viongozi walisogea pembeni wakanong'onezana, na mwekahazina, huyu huyu wa leso, nilimsikia akisema, "Sasa nyama yote hii si itaharibika?" Basi wakaketi wakala. Wakala wao na jamaa zao, ili chakula kisiharibike, migongo yao ikielekea mlango uliofungiwa chakula cha wanachama wote, na katibu akawafuata wanawake kuwaambia waendelee kuimba kidogo, shughuli isipooze. Mimi niliondoka kabla sinia halijafika upande wangu. Nimewaona wezi wengi katika maisha yangu na nimeshinda nao meza moja, lakini sijaona jambo la kutapisha kuliko watu wale safi wakijipangusa mafuta midomoni.

Baada ya hapo unga mweupe ulianza kutoka chini ya mlango wa ghala. Mahindi yalikuwa yamefungiwa hayajakauka sawasawa, ndani ya mabati yanayochoma, bila hewa. Kuku wa Kiwanjani waligundua kabla ya mtu yeyote. Walikuwa wakifika asubuhi kizingitini kudonoa fukusi waliotambaa nje, wakanenepa mwaka ambao hakuna aliyenenepa. Nilimwambia makamu. "Hiyo maneno peleka kwa mwenyekiti mwenyewe," akanijibu. Nilimwambia katibu, akasema yeye kazi yake ni kuandika mikutano. Mwenyekiti naye alisema ghala jipya halikosi vumbi. Wote walikuwa na pua, na wote walipita pale. Hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kumharibia mzee siku yake.

Mwishowe mkubwa alimtuma kijana wa ofisini kwake, akaja na Landrova, ana haraka ya kurudi kabla ya giza. Mwenyekiti alisoma risala yote. Alipofika kwenye ile sentensi ya ghala limejaa hadi darini alitua kidogo, tukapiga makofi. Kijana akakata utepe, kufuli likafunguliwa, mlango ukavutwa, na vumbi likatoka likamfunika mpaka akaanza kukohoa. Fukusi walimpanda kwenye shati. Na jambo ambalo bado linanitia uchungu ni kwamba makofi hayakukatika. Watu walikuwa wameambiwa wapige makofi utepe ukikatwa, wakapiga.

Yule mama ndiye aliyetoka kwenye mstari, akaingia ndani bila kuomba ruhusa. Alitoka amebeba gunia la kitambaa cha manjano kwa mkono mmoja. Gunia ambalo punda alilileta akijikongoja, mwanamke mwenye njaa alilinyanyua kwa mkono mmoja. Alisimama mbele ya mwenyekiti, akamshika kiganja, akakifungua, akamimina ndani yake kilichokuwamo: unga wa wadudu na maganda.

"Hii ndio ng'ombe yangu," akasema.

Nilikuwa karibu, niliuona uso wa yule mzee. Nilitazamia aibu. Alikuwa ameshangaa tu, ameshangaa kweli, mtu ambaye haoni anashutumiwa kwa lipi. "Lakini Mama," alisema, "hakuna kitu imeibiwa. Hesabu hata wewe. Gunia zote ziko."

Pampu haikuja. Mwaka uliofuata tulifanya uchaguzi wa viongozi, na marehemu akarudishwa kwenye kiti kwa kura nyingi, kamati yake ile ile ikamfuata nyuma. Watu walisema, angalau si mwizi. Mama aliacha kile kipande cha mwisho wa mfereji, na mpaka leo anauza kuni mitaani. Mtoto alipona, Mungu ni mkubwa, ila ng'ombe mwingine hawakumpata. Niliwahi kumuuliza kwa nini harudi shambani, akaniambia, "Mwalimu, mimi nililima mara moja. Ile ilinitosha."

Nimefikiri sana kuhusu ugonjwa huu wetu, na sidhani ni wa ushirika peke yake. Tumeumwa na wezi kiasi kwamba tukimpata kiongozi asiyeiba tunamvulia kofia, tunamkabidhi kila kitu, halafu hatumuulizi tena lolote. Naye, kwa kuwa anajijua ni safi, hasikii mtu. Shuleni madarasa mapya hufungwa yakingoja mkubwa, watoto wakisomea juani. Dawa hukaa kwenye makatoni mpaka zipigwe picha. Kila penye utepe kuna mtu anasubiri nje. Na pembeni ya kila kiongozi wa namna hiyo wapo makamu na katibu na mwekahazina, watu wenye pua nzima, wanaoona ni adabu kutosema kinanuka nini. Hawa ndio wanaonichukiza kuliko marehemu. Yeye alikuwa haoni. Wao waliona, wakala nyama, na juzi wamelia kwenye kipaza sauti.

Ushirika utamchagua mwenyekiti mpya hivi karibuni, na wagombea ni wale wale watatu. Wameshaanza kupita Kiwanjani wakiahidi kufuata nyayo za mzee. Wanachama wenzangu wa zamani, najua mtawauliza kama mikono yao ni safi, nao watawaonyesha viganja. Waulizeni na hili: njaa ikiingia na chakula kiko ndani, mlango utafunguliwa saa ngapi? Atakayeanza kuwaeleza habari za mgeni, msimpigie makofi. Mnyang'anyeni ufunguo.