Matundu Manne ya Fundi Bushiri

Saa mbili asubuhi, Jumatano, Bushiri Mustapha amelala chali chini ya Pijo 404 ambayo karibu haina tena sakafu ya nyuma. Ukichungulia mahali palipokuwa na buti, unamwona yeye huko chini, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mdomoni kabana msumari, anakutazama.

"Usiegemee, mwandishi," anasema. "Gari hii sasa hivi inasimama kwa heshima tu."

Hatanii sana. Gari la aina hii halina fremu ya kubebea bodi. Sakafu ndiyo uti wa mgongo wake. Ukiikata kwa pupa, mkia unainama na milango haifungi tena. Ndiyo maana kabla ya kushika tindo alilipandisha juu ya magogo manne, kisha akachomelea mabomba mawili ya chuma kutoka ubavu hadi ubavu ili lisijikunje. Kazi hiyo peke yake ilimlia siku nzima.

Zamani alikuwa akibadilisha sakafu za magari manne au matano kwa mwezi. Hii ni ya kwanza katika miezi saba.

Tangu milango ya biashara ifunguliwe, kila mwenye akiba anateremka Dar es Salaam na kurudi na gari lililochoshwa Japani, bado limebandikwa maandishi ambayo Dodoma nzima hakuna wa kuyasoma. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Siku hizi hata kuukuu la mwenzako ni kinyemi. Karakana ya shirika la umma ambako Bushiri alifanya kazi miaka kumi na tisa ilifungwa mwaka 1993. Leo ni ghala la sabuni. Yeye akabeba nyundo zake na kuhamia kwenye kiwanja hiki kidogo chenye uzio wa mabati, na hapo amekaa miaka mitatu akisubiri magari yasiyokuja.

Mkewe, Salwa, ameshachoka kusubiri. Ana kaka yake Kibaigwa, kwenye biashara ya mahindi, ambaye yuko tayari kumpa shemeji yake kazi ya kushona magunia.

"Nimemwambia mke wangu, gari la Mama Ruthu likishindikana, nafunga," anasema Bushiri. "Nitakwenda kushona magunia. Miaka thelathini ya ufundi, mwisho wake sindano na katani!"

Mama Ruthu ni nesi mstaafu wa Miyuji, mjane wa Nikodemo Mazengo aliyekuwa mkaguzi wa shule. Gari ndilo mumewe alilomwachia, na limeoza nyuma kiasi kwamba ukiweka kikapu ndani ya buti unakikuta barabarani. Mwanawe, Stanley, anataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama ameomba hadi Jumamosi. Fundi akiliweka sawa, linabaki. Asipoliweka sawa, lori la vyuma linakuja.

Mgeni anaweza kushangaa: Dodoma, nchi kavu hii, gari lioze kwa maji gani? Ni maji ya kubeba. Bomba la nyumbani lilipokauka, Mama Ruthu alikuwa akijaza madumu kumi kazini kwake na kuyapakia kwenye buti hadi Miyuji. Madumu yalichuruzika njia nzima. Kutu ilipoanza kula sakafu, mumewe mkaguzi alipiga marufuku.

"Alisema maji yangu yamemlia gari," Mama Ruthu alituambia Jumanne alipokuja kuangalia kazi. "Basi nikabeba kichwani. Miaka minne, mpaka alipofariki. Nimetoka hamsini nikaingia hamsini na nne na ndoo kichwani, na gari liko uani."

Alisema hayo bila machozi, kama mtu anayesoma cheti cha mgonjwa.

Adhuhuri ya Jumatano hiyo Bushiri anakata pembe ya mwisho ya sakafu ya zamani. Anagonga tindo, bati linaachia, na tabaka nene la lami linabanduka nalo. Anageuza kile kipande juani. Kisha anakaa chini.

Katikati ya kutu kuna tundu la mviringo, safi, la kiwandani. Limezibwa kwa bonge la lami, na juu ya lami kumebaki alama ya kidole gumba kisicho na ncha. Bushiri anainua mkono wake wa kushoto. Ncha ya gumba lake ililiwa na mkasi wa bati mwaka 1979.

"Ni mimi," anasema.

Mwaka 1985 wenye magari wote wa mji huu walilia kilio kimoja: vumbi. Ukitoka Kondoa na shati jeupe ndani ya sanduku, unafika nalo jekundu. Bushiri, fundi mwenye akili, alichunguza akagundua vumbi linapenyea kwenye matundu manne ya pembe za buti. Akaomba lami kwa watengeneza barabara, akayaziba kwa gumba. Vumbi likakoma. Mji ukamsifu, wakambandika jina, Bushiri Vumbi, na magari yakapanga foleni. Anakadiria aliziba magari zaidi ya sitini.

Matundu yale yalitobolewa ili maji yatoke.

"Kitabu cha gari kilikuwa cha Kifaransa," anasema, kisha anatikisa kichwa. "Hapana, nisijifiche nyuma ya kitabu. Sikuuliza. Niliona tundu, nikaona vumbi, nikajiona bingwa."

Maji ya madumu na ya mvua yalikosa pa kutokea, yakakaa yakila bati polepole, gari baada ya gari. Watu wakaanza kusema magari ya zamani yameoza, hayafai, twende tukanunue la Mjapani. Bushiri alilaani soko huria kila siku ya Mungu, kumbe na yeye alikuwa amelisaidia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Je, atamwambia Mama Ruthu?

"Nikimwambia, nani ataniletea gari tena?" anajibu, na kurudi chini ya gari.

Alhamisi na Ijumaa ni siku za mikono. Anakunja bati jipya juu ya kipande cha reli, analipiga matuta kwa nyundo ili lisivume kama ngoma, analipachika, analitoa, analipunguza unene wa kucha, analipachika tena. Anachomelea nukta hapa na nukta kule, upande huu kisha ule, maana ukifuata mstari mmoja joto litalipinda bati. Mwisho anachukua keke na kutoboa matundu manne kwenye pembe, kisha anayakata yale mabomba na kulishusha gari kutoka kwenye magogo. Kazi ni nzuri kiasi kwamba hata fundi wa jirani, mtu wa wivu, anakuja kuitazama na kupapasa matuta.

Jumamosi saa nne wanafika.

"Mbukwa, fundi," anasalimia Mama Ruthu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Karibuni."

"Shikamoo, mzee," anasema Stanley, macho yakiwa tayari kwenye buti. Anagonga sakafu kwa ngumi, anapanda na kusimama juu yake. Haiyumbi. Kisha, kijana wa kisasa huyu, anaomba ndoo ya maji na kuimwaga yote ndani. Sekunde chache tu, maji yanachirizika chini kwenye pembe zote nne.

"Mama, si nilikwambia? Linavuja!"

Hapo Bushiri angeweza kujitetea kwa maneno mawili, kwamba ndivyo gari lilivyotengenezwa, na ingekuwa kweli. Badala yake anaingia bandani na kurudi na kile kipande cha kutu. Anakiweka mbele ya Mama Ruthu, anaweka gumba lake juu ya alama, na kueleza yote, tangu vumbi la 1985.

"Haikuwa kosa lako, mama. Maji yangetoka. Mimi ndiye niliyeyafungia humo. Naomba radhi."

Mama Ruthu anakitazama kile kipande, kisha anainua mkono na kujishika utosini, pale ndoo ilipokuwa ikikaa.

"Mimi niko hai, nimesikia," anasema. "Nikodemo nani atamwambia?"

Anafungua mlango wa gari, anakaa kwenye usukani. "Stanley, panda. Gari haliuzwi." Wanaondoka. Hakusema asante, na Bushiri hakuitarajia.

Karakana haitafungwa, angalau kwa sasa. Bushiri anayakumbuka magari kumi na moja aliyoyaziba ambayo bado yanatembea mjini. Anapanga kuyafuata moja moja na keke yake, ayazibue bure na kuwaeleza wenyewe sababu. Salwa anasema mumewe anajichimbia kaburi.

"Wakinikimbia, Kibaigwa haihami," anasema fundi.

Lakini kwanza kesho, Jumapili. Akina Mama Ruthu wakitoka kanisani atakwenda Miyuji kumwomba mama amwonyeshe alikozikwa mkaguzi, ili naye aambiwe. Lile bonge la lami amelibandua na kulifunga kwenye gazeti, na kanzu ameshaipiga pasi. Kama mama atamfungulia mlango, hajui.