Ampea Moja Nukta Sita

Nilimdhania Wagiyem kuwa fundi wa kubahatisha, na dhana hiyo ndiyo iliyomnyima riziki. Miaka kumi na moja iliyopita umeme ulizimika katikati ya harusi kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Klaten. Mwajiri wake Tugiran, mkodishaji wa spika na taa, aliniita mimi, kwa kuwa nilikuwa nimerudi karibuni na shahada ya umeme. Nilizitazama nyaya alizozifunga Wagiyem. Sikupima chochote. "Kazi mbovu," nikasema. Tugiran akamfukuza mbele ya wageni, na tangu siku hiyo hakuna mwenye harusi aliyemwita tena.

Mwaka jana Tugiran alimwozesha bintiye. Kwetu jirani hasusii harusi, hata ya adui. Wanawake huja kusaidia jikoni, na wengi hubeba sufuria za umeme za kupikia wali. Wagiyem naye alifika adhuhuri, sufuria kwapani, mita ya kupimia umeme mfukoni.

"Mbak Wagiyem! Umekuja kupika au kutuzimia taa?" Tugiran alimpokea kwa kumwita dada, watu wakacheka.

"Kupika, Pak," akamjibu, kwa heshima ya kumwita mzee. "Waya kafunga nani leo?"

"Mwenyewe, kwa mikono hii. Angalia ujifunze."

"Nyie wote mmemsikia," akasema, kwa upole ulionitia baridi.

Aliubana waya mkuu kwa mita yake, akaniita kaka kwa kejeli. "Mas msomi, hebu soma."

"Ampea tano nukta sita."

"Na nyumba hii mwisho wake?"

"Sita. Zikizidi, swichi kuu hujizima."

"Sufuria hii inakula moja nukta sita, kwa volti mia mbili ishirini. Wati ngapi hizo? Au shahada imelala?"

"Mia tatu hamsini na mbili. Mbak, usichomeke."

"Mbona mwaka ule hukupiga hesabu?"

Alingoja mpaka Tugiran aliposhika kipaza sauti kuwakaribisha wakwe, ndipo akachomeka. Hotuba haikufika mbali. Spika zilinyamaza, feni zikasimama, wakwe wakatazamana.

"Nani kaharibu?" Tugiran alifoka.

"Si aliyefunga waya, Pak? Ndivyo ulivyosema mwaka ule." Aliinua waya wa sufuria, kila mtu auone. "Nyaya zako nzima. Na zangu zilikuwa nzima. Kilichozidi ni wali. Sema, nichomoe. Usiposema, hotuba utaimalizia kwa koo lako."

Tugiran alifuta jasho. "Halikuwa kosa lako," alinong'ona.

"Wakwe hawajasikia."

Akarudia kwa sauti. Kisha Wagiyem akanigeukia mimi, na nikasema vilevile mbele ya wote: sikupima, nilisema tu. Hapo ndipo alipochomoa, akaenda mwenyewe kuinua swichi kuu. Hakutabasamu. Hadi leo sijui kama nilimhurumia Tugiran au nilijihurumia mwenyewe.

Wiki iliyofuata niliiona sufuria ile jikoni kwa mama yangu, nikaigeuza. Chini yake, kwa wino uliofifia, palikuwa pameandikwa tarehe ya siku moja baada ya harusi ile ya kwanza, na hesabu: volti 220 kugawanya kwa ampea 1.6, ukinzani wa ohm 137.5. Mama alikiri kwamba ndiyo aliyoichomeka kwenye harusi ile ya kwanza, umeme ukazimika. Wagiyem alikuja kesho yake kuipima, na mama akamsihi anyamaze, asiniaibishe na shahada yangu mpya.

Mwaka jana, siku ya harusi, alikuja kuiazima kwa mama.