Sare ya Kijani Mwezini

Wifi yangu ni dobi, na haambiliki. Nimekaa naye nyumba moja tangu niolewe na kaka yake, kwa hiyo simsingizii. Chumba cha mbele anapiga pasi nguo za watu. Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, anatengeneza filamu.

Msicheke, ni filamu kweli. Anakunja waya za hanga zilizovunjika, anazivisha vitambaa, anachonga kichwa kwa kipande cha sabuni ya mche na kukipaka rangi ya kahawia. Kikaragosi kikishasimama, anakipiga picha kwa simu iliyobanwa katikati ya pasi mbili za mkaa, anakisogeza mkono kidogo tu, anapiga tena, anasogeza tena, mpaka mgongo unamuuma. Simu ikiziunganisha picha hizo, kikaragosi kinatembea. Siku ya kwanza kuona niliigeuza simu nitazame kama kuna mtu nyuma yake.

Hii ninayosimulia ilikuwa filamu ya mama yao, yaani mama mkwe wangu. Mama alifagia barabara ya mbele ya maofisi mpaka akastaafu, amevaa sare ya kijani yenye mstari mweupe begani. Msimamizi wao tulimwita Filimbi, kwa kuwa hakuwahi kumwita mfagiaji kwa jina lake. Alipuliza tu filimbi na kunyoosha kidole. Siku Mama anaaga kazi, Filimbi hakumpa hata mkono. Alimdai sare, akasema ni mali ya ofisi. Mama akazirudisha zile nzima, akabaki na moja iliyochanika kwapani, akaificha chini ya godoro.

Mama alikuwa na mzaha wake wa siku zote: "Hawa watu hata mwezini watanipeleka nikafagie." Wifi akaudaka hapohapo. Ukumbi wa mtaa ulikuwa umetangaza siku ya kuonyesha filamu za nyumbani, naye akaapa kwamba Mama atakaa kiti cha mbele ajione anafagia mwezi, na sare yake mwilini. Mama mwenyewe akaitoa ile nguo ya chini ya godoro. Wifi akaikata, akakishonea kikaragosi gauni, na mstari mweupe begani.

Sasa mwezi hauuzwi dukani. Wifi akamwendea mpiga picha za harusi wa mtaani kwetu, naye akamweleza vizuri: weka kitambaa cha rangi moja nyuma ya kikaragosi, piga picha zako, kisha programu ya simu itaifuta rangi ile na mahali pake utaweka unachotaka.

"Kijani, dada," akasema. "Dunia nzima wanatumia kijani."

Najua umeshaona balaa linapotokea. Sisi hatukuliona. Wifi alinunua kitambaa cha kijani cha bei poa, akapiga picha zake kwa roho safi, akaweka mwezi, akatuita tutazame. Kikatokea kichwa kinaelea. Vikatokea viganja na fagio. Pale palipotakiwa kuwa na tumbo la Mama, nyota zilikuwa zinapita.

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Akatazama mpaka mwisho.

"Ni kweli," akasema. "Filimbi alikuwa ananiona hivyohivyo. Fagio tu."

Akaenda zake chumbani. Kicheko kikakatika. Wifi akaizima simu.

Mpiga picha alipoulizwa, aliona jambo dogo. "Mbadilishe nguo. Mvike nyekundu, nani atajua?"

"Mama atajua."

Mume wangu naye akatia lake. "Dada, si kidoli tu hicho?"

"Kidoli kwako. Mimi namfanyia Mama. Kitakachobadilika ni hicho kitambaa cha nyuma, nguo haibadiliki."

Akaichokonoa ile programu mpaka akagundua kwamba haijali kijani wala nini. Inafuta rangi yoyote utakayoigusa kwa kidole, mradi kikaragosi hakina rangi hiyo. Tukaanza kuchagua. Buluu haikufaa, kilemba cha Mama ni cha buluu. Nyekundu na chungwa zilikuwa karibu mno na rangi ya ngozi, programu ingekula mashavu. Nyeusi ingeondoka na viatu. Satini ya zambarau aliyoipata kwenye mabaki ya fundi cherehani ilimetameta kama sufuria. Mwishowe, kwenye rundo la mitumba, akavuta shuka la pamba la pinki. Pinki hasa, ya kuumiza macho. Mwuzaji mwenyewe alifurahi kuliondoa.

Hapo udobi ukamponza. Hajawahi kupiga pasi shuka bila kulitia wanga, basi akalitia wanga, akalipiga pasi ya moto mpaka likawa gumu na linang'aa, akalibana kwa vibanio kwenye kianikio, akasimama kujisifu. Taa ilipowaka, katikati ya shuka pakatokea doa jeupe la mng'ao, na programu ikaliacha doa lile palepale mwezini.

"Lifue," nikamwambia. "Wanga utoke."

"Shuka langu litoke limesinyaa?"

"Litoke limefifia, Wifi. Si la mteja."

Iliuma, niliona. Akalifua, akalipiga pasi upande wa ndani, mikunjo ikaisha na mng'ao haukurudi. Akaweka taa mbili za shuka peke yake, moja kila upande, balbu za aina moja ili moja isiwe ya njano na nyingine nyeupe, na mbele ya kila moja akatundika kipande cha neti kuupooza mwanga. Kikaragosi akakisogeza mbali na shuka, kwa sababu kilipokuwa karibu kivuli kiliangukia nyuma na pinki ikampanda Mama mashavuni. Dirisha akaliziba kwa blanketi, maana kila wingu lililopita nje lilibadilisha picha. Hata blauzi yake nyeupe aliivua akavaa nyeusi, maana ile nyeupe ilikuwa inarudisha mwanga kila akiinama.

Akajaribu. Mama akatokea mzima, kijani tupu kutoka shingoni hadi magotini. Tulishikana mikono mle stoo tukaruka kama wendawazimu.

Kazi ilipokaribia kwisha nikamkuta anakata pindo la shuka lilelile, anashona suti ndogo ya kiume.

"Wifi," nikamwambia, "suti hiyo itafutika."

Akaendelea kushona.

Siku ya ukumbi watu walijaa. Mama alikaa mbele. Na safu hiyohiyo, mgeni aliyetumwa na ofisi alikuwa nani? Filimbi, na tai yake. Wifi hakutikisika.

Taa zikazimwa. Mama akaonekana mwezini, mzima, anafagia bila haraka. Ikasikika filimbi. Mbele yake kikaelea kichwa, na kidole kilichonyooka, na filimbi mdomoni, na kifuani mwa bwana yule nyota zinapita. Mama wa mwezini akageuka huku na huku, hakuona mtu, filimbi ikadondoka mdomoni, akaifagia pamoja na vumbi mpaka ikaanguka ukingoni mwa mwezi. Ukumbi ulivunjika mbavu. Wafagiaji waliokaa nyuma ndio waliopiga makofi ya mwisho, na hawakutaka kuacha.

Taa zilipowashwa Filimbi alikuwa amesimama, uso umemvimba.

"Ule mstari begani naujua," akamwambia Mama. "Ile nguo ni mali ya ofisi."

Mama hakuinuka kitini.

"Iko mwezini," akasema. "Kaifuate."

Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia airudishe mwanzo, anataka kujiona tena.