Barua ya wito kwa mume
Wiki iliyopita nilikuwa ofisi moja ya ustawi wa jamii hapa Mwanza. Mbele yangu alikaa mama kutoka Usagara, jicho limevimba hadi limefumba. Alipigwa na mumewe.

Ofisa alimsikiliza kwa upole, akaandika barua, akaigonga muhuri, akampa.

"Mpelekee mumeo. Ni wito, aje Alhamisi."

"Nimpelekee mimi?"

"Hatuna gari, mama."

"Nikishampa, nikimbilie wapi?"

"Akikupiga tena, uje tukuandikie nyingine."

Mama aliiacha barua mezani, akasema anakwenda kwa dada yake Busisi. Ofisa akajaza daftari: mlalamikaji hakutoa ushirikiano.

Kumbe ofisi yenye bendera na mlinzi getini inamwogopa mwanaume ambaye mkewe alitakiwa amkabili peke yake.