Nilikuwa nangoja blenda yangu, wakanifanya shujaa, halafu wakataka nipotee

Wakuu, sasa.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nikidanganya, token zangu za stima ziishe leo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona vitambaa vya viti hapa Parklands, na kutoka kwangu kukubwa ni kwenda dukani kununua maziwa. Majirani hudhani nimehama.

Siku hiyo nilishuka tao, katikati ya Nairobi, kwa sababu moja tu, blenda iliharibika. Nikampelekea fundi, akaniambia, "Madam, ngoja hapo nje kidogo."

Nikangoja. Kulikuwa na manyunyu, nikafungua mwavuli wangu wa pinki.

Mara maandamano yakafika na polisi wakaanza kurusha teargas. Fundi akateremsha mlango wa chuma, yeye ndani, blenda yangu ndani.

Watu wote wakakimbia. Mimi sikukimbia. Wakuu, ile blenda ni zawadi ya mamangu, na mafundi wa tao tunawajua. Ukiondoka, unarudi kupata imebadilishwa matumbo.

Kwa hivyo nikasimama katikati ya moshi, peke yangu, nimewakazia polisi macho. Nilikuwa natazama mlango ulio nyuma yao.

Mtu akapiga picha.

Kufikia jioni nilikuwa kwa kila status. "Mama Mwavuli." Sina hata mtoto.

Nilicheka mpaka nilipokuta sura yangu imechorwa kwa ukuta nyuma ya soko. Kubwa kuliko mlango. Ilikuwa inanitazama vile mimi sijawahi kutazama mtu.

Halafu akaja Nduku, msichana mpole wa wale waandamanaji, na wenzake wawili. Niliwapikia chai.

"Auntie, wewe si mtu tena. Wewe ni alama."

"Mimi nilikuwa nangoja blenda."

Wakatazamana. Nduku akanishika mkono polepole, kama nesi.

"Hiyo ya blenda, auntie, usiwahi kuambia mtu."

Wakanibembeleza, nikakubali kusimama nao mara moja tu. Wakaniweka juu ya ngazi za jengo moja tao, mchana, jua kali. Chini watu wengi, wote wamefungua miavuli ya pinki, na hakuna anayeongea. Nairobi bila kelele, mmewahi kuisikia? Nywele zilisimama.

Mama mmoja akapanda akanigusa shavu kwa kidole, vile watu hugusa picha kwa jeneza. Nikamwambia, "Habari yako, dada." Akarudisha mkono haraka, kana kwamba ukuta umeongea.

Nikasema basi, sirudi tena.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Nimeongezwa kwa group ya WhatsApp. Mnajua sisi, mtu akifa kitu ya kwanza ni group. Chairman, mweka hazina, wa mahema, wa chai. Hii ilikuwa na hao wote, na mtu alikuwa ametuma muundo wa tishati, sura yangu na mshumaa. "Hatutakusahau."

Nikaandika, "Poleni. Nani amekufa?"

Nikaona mtu anaandika, anaacha. Anaandika, anaacha. Halafu admin akanitoa.

Aliyeniongeza alichukua namba zote za wenzake bila kuangalia. Yangu ilikuwa ndani.

Nduku akanipigia.

"Auntie, usiogope. Ni vile watu wakikuona ukinunua sukuma wiki sokoni, wanapoa. Kuna nyumba Kitisuru, ina kila kitu, hata TV. Ukae tu huko, sisi tuseme umetoweka."

"Mpaka lini?"

Akaanza kunisifia ile TV tena. Hilo ndilo lilinitoa jasho. Wakuu, mimi kukaa ndani ni kipaji, lakini nataka ufunguo uwe wangu.

Nikakataa. Kesho yake wakatangaza hivyo hivyo, nimetoweka.

Ndugu yangu akapiga kutoka Machakos, sauti imekwisha. "Mwende? Ni wewe kweli? Mama amelala chini, hataki kuamka." Nikaongea na mama mpaka akanitukana kidogo, ndipo nikajua amepona.

Lakini tao mkesha wa kunikumbuka ulikuwa umepangwa, eti saa tisa mchana. Nikaenda. Nilitaka wanione kwa macho, mambo yaishe.

Mishumaa mia na mia imewashwa juani, moto wake hauonekani. Tishati zote mimi. Nikapita katikati ya sura zangu, hakuna aliyegeuka.

Msichana mdogo kwa meza akanipa mshumaa. "Pole, mama. Ulimjua?"

"Ni mimi. Mimi ndiye huyu."

Akaangalia picha kwa kifua chake. Akaniangalia. Akatabasamu kwa huruma.

"Hapana, mama. Huyu hakuwa anaogopa."

Nikabaki na mshumaa wangu. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hivyo sikuweza hata kubishana.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wakianza kukusifu kwa kitu hukufanya, kataa siku hiyo hiyo, kwa sauti, kabla hawajaipenda hiyo hadithi kuliko wanavyokupenda wewe. Baada ya hapo unakuwa mgeni kwa matanga yako.

Kwa sasa niko hapa Parklands, mlango nimefunga mwenyewe, ndugu yangu anapiga kila asubuhi kuhakikisha napumua.

Haya, mwageni maoni. Mnicheke, mnishauri, mniulize chochote. Lakini wale wameshaanza kuandika "pumzika kwa amani" hapo chini, nawaomba mfute. Nayasoma.