Taa ya mutoto yangu ilisikia siri ya bibi arusi

Admin, jina yangu ufiche, ata ya avenue usitaje, hapa Murara tunajuana wote. Natuma kwa vocal, mutaniandikia, juu masomo mimi sikuona. Nasemea inje, nyuma ya jikoni, nimekalia jiwe ya volkano, tako inaniuma. Ndani siwezi kusemea. Mutaelewa juu ya nini.

Mimi ni mama muzee, makumi saba nimepita. Nilizaliwa upande wa Butembo, nikaolewa Kiwanja, bwana yangu alikuwa anauzisha maharagi. Ile maharagi, wee, haikuwa inakawia kwa moto! Ya leo unaweka asubuhi, magaribi ingali mawe. Bon, naacha ya maharagi. Bwana alikufa, nikakuya Goma, nabaki peke yangu kwa nyumba. Mutoto yangu mwanaume, wa pekee, iko Canada na bibi mwenye alioa.

Njo akanitumia taa. Ni ampule kama ampule zote, wanaifunga kule juu kwa plafond ya salon ya wageni, lakini ndani yake kuko jicho. Akaniambia: «Mama, na hii wizi ya kwetu, nitakuwa nakulinda nikiwa huku.» Siku ya kwanza, niko nachambua majani ya lengalenga, taa ikafanya «ting!» ikasema: «Mama, dawa ya tension umekunywa?» Yesu! Nikamwanga lengalenga yote chini. Mutoto akacheka mpaka akakohoa.

Niliipenda, sitadanganya. Mutu mwenye kukaa peke yake anajua. Kila asubuhi «ting», «Mama, umeamukaje?», na mie namujibu nikiangalia juu kama mwenye kuomba. Wamama wa jirani, wenye kuniita Koko juu ya uzee, walikuwa wananicheka: «Koko, leo ule mutu wako wa plafond amekuambia nini?»

Sasa musikilize. Kwetu, musichana akikaribia ndoa, wamama wazee wanamukalisha, wanamufundisha mambo ya nyumba. Wanaume hawasikiake. Hapa kwetu wanamuletaka kwangu, juu salon yangu ni kubwa. Nasemaka mingi, ndiyo, munasikia wenyewe, lakini siri ya mutu haijatoka kwa hii kinywa ata siku moja.

Wakamuleta musichana moja, nitamuita Neema, haiko jina yake. Mbele tuanze, nikapanda kiti, nikafunga ile taa na kitenge, vizuri, vile unafunika mutoto kichwa kwa baridi. Nikawaza: sasa mutoto yangu hataona wamama. Na ting haikulia. Mimi telefone najua vile inafanyaka: isipolia, hakuna mutu ndani. Si njo vile?

Neema akaanza kulia. «Wamama, niko na mutoto. Iko Kiwanja kwa mama yangu, ananiitaka dada. Fiancé, mwenye atanioa, hajue.» Mama moja akamuuliza: «Huyu mwanaume, unamupenda?» «Namupenda mama, njo maana naogopa.» Nikamwambia: «Binti, utamwambia wewe mwenyewe, mie nitakusindikiza. Akisikia kwa mutu mwingine, atasema ulimuchezea.» Tukapatana jumapili, kisha misa.

Mbele ya jumapili, fiancé huyu hapa kwa mulango yangu, macho mekundu. «Koko, ata wewe ulijua? Mie njo wa mwisho?» Namuuliza nani alikuambia. «Dada yangu wa Canada.»

Huyo dada yake, mama zao ni ndugu, njo bibi ya mutoto yangu. Mukwe wangu mwenyewe! Nikasema: «Mie sikumwambia kitu, ni taa, ata kama niliifunga kitenge.» Akacheka, kicheko mubaya. «Koko, taa? Yenye ulifunga kitenge?»

Nikamupigia mutoto. Akaniambia: «Mama, kitenge inafunga jicho, haifunge sikio. Ile kitu inasikiaka saa yote, inalinda sauti, inaituma kwa telefone yangu. Bibi yangu alifungua telefone yangu, akasikiliza.» Nikasema basi futa. «Kwangu nimefuta. Lakini ilishaenda kwa kampani yenye ilitengeneza ile taa. Ata mie sijue wanaiweka wapi.» Munasikia? Machozi ya Neema iko inalala kwa nchi yenye hakuna mutu anajua jina yake.

Tena akaniomba: «Mama, usiseme kama alifungua telefone yangu. Familia yao watamuchukia, na nyumba yangu itavunjika.»

Ndoa imesimamishwa. Mama ya Neema, mwenye alikuya toka Kiwanja, akinikuta kwa barabara anaangalia mawe. Musichana mwenye alifuata wamemukalisha kwa mama mwingine. Ata kuomba chumvi, hawaingie tena, wananiitia kwa mulango, na kusema wanasema polepole.

Nikamwambia mutoto nitoshe ile taa, niishushe kule juu. «Mama, ukitosha, mie huku nitalalaje?» Na telefone hapigake tena, anaongea kwa taa tu. Nikiitosha, ile «Mama umeamukaje» imekwisha. Nikisema ukweli wote, navunja nyumba ya mutoto yangu. Nikinyamaza, Neema anaenda na moyo yenye kusema koko alimuuzisha.

Na leo Neema ametuma mutu: anakuya mwenyewe kuniuliza kwa kinywa, kama ni mie nilitosha siri yake. Nikiwa nasemea hapa, courant ya umeme ilikatika, nikasema afazali, taa imezimika, tutaongea salon. Sasa hivi imerudi, nasikia ting kule ndani. «Mama? Mama, uko wapi? Sikuone.» Munasikia vile anaita? Na ile chini kwa barabara, mwenye foulard ya kijani kwa kichwa, ni Neema anapanda.

Wamama, wapapa, na ninyi watoto wenye munajua hizi vyombo, munishauri mbio: huyu mutoto wa watu nimujibu nini, na nimukalishe wapi?