Zimwi Aliyetaka Kutafuna

Bi Fizi alikuwa fundi wa meno bandia, na kilema chake kilikuwa kimoja: hakuwatazama watu usoni. Alitazama midomo tu. Ungepishana naye njiani akupite kama mlingoti wa taa, lakini upige mwayo kidogo, papo hapo angesimama. "Ehee! Magego ya chini, yale yaliyonitoa jasho! Hamjambo?" Aliyekuwa na magego hayo akasalimiwa baadaye.

Chumba chake cha kazi kilipakana na cha kinyozi, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Katikati palikuwa na mbao nyembamba kiasi kwamba huyu akipiga chafya, yule anapangusa pua.

Asubuhi moja akaingia mteja. Kwanza kiliingia kichwa kikiwa kimeinama, kisha mabega, kisha tumbo, na koti likamalizia. Kofia ameishika mkononi, adabu tele. Alipoketi, kiti kikalia kama mtoto wa paka.

"Mama, nataka meno."

"Ya juu au ya chini?"

"Yote. Sijawahi kuwa nayo."

Mwingine angeshtuka. Bi Fizi akasema, "Fungua," akazamisha mikono. Vyombo vyake vya kupimia vilipotea mle kama vijiko ndani ya pipa, ikabidi achukue bati la kuokea mkate, alikunje kwa goti, alijaze ule unga wa kupimia uliokorogwa mzito, ndipo alitie kinywani. Na ufizi! Laini kama wa mtoto mchanga, hauna hata alama ya jino lililopita. Bi Fizi akaanza kuimba kwa raha. Alikuwa amezama hadi viwiko alipouona mkono wa mteja umeshika kiti. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Akaitoa mikono yake. Polepole.

Nani asiyejua habari za mazimwi? Zimwi humeza watu, humeza ng'ombe, humeza ngoma pamoja na mpigaji wake. Akishindwa, hukatwa kidole cha mwisho, na wote aliowameza hutokea hapo wazima, wakikung'uta nguo. Bi Fizi alikulia kwenye hadithi hiyo.

"Kidole kimekwenda wapi, baba?"

"Walikikata, mama. Wakatoka wote. Hata kuniaga hawakuniaga."

Akamwambia arudi wiki ijayo, akamsindikiza mlangoni. Kabla hajageuka, kinyozi alikwishaingia, wembe mkononi, mteja wake kamwacha na ndevu upande mmoja.

"Shemeji! Nimesikia yote!"

"Utaachaje kusikia, na sikio umelibandika ukutani kama tangazo?"

"Cheka tu. Hebu niambie, babu zetu walitokaje wazima? Si kwa sababu hilo jitu halikuwa na meno! Leo wewe ulipatie meno, litafune. Siku likikatwa kidole kingine, itatoka nyama ya kusaga!"

Bi Fizi akarudi kwenye meza yake ya kazi. Hofu anayo, lakini udadisi ulimwasha kuliko upupu: anayemeza ng'ombe na pembe zake, meno ya nini? Akayapanga kwenye nta huku akiwaza. Taya za plasta, alizozimimina kutoka kwenye kile kipimo cha bati, akaziunga kwa bawaba ya geti, maana bawaba zake za kazi zingevunjika. Chonge akaziweka, akazing'oa, akaziweka tena zikiwa butu, akazing'oa tena. Mtaa mzima ulikuwa mikononi mwake na hapakuwa na wa kumsaidia kuamua. Kinyozi alikuwepo, lakini huyo alikuwa wa kumtisha tu.

Siku ilipofika, zimwi alikuta kinyozi amesimama kando ya kiti, amekumbatia mwavuli kama mkuki.

"Kabla sijakupa," Bi Fizi akasema, "niambie. Unataka kula nini?"

Zimwi akaizungusha kofia yake. "Chochote. Nimemeza mizinga na nyuki wake, mama, asali yote ikapita hivi. Watu husema asali ni tamu. Mimi ninachojua ni nzito."

"Na watu?" kinyozi akadakia. "Watu wana utamu gani?"

"Nao ni wazito. Tena wana kelele sana wakiwa ndani."

"Umesikia, shemeji?" Kinyozi alinong'ona kwa sauti iliyofika barabarani. "Usimpe!"

Bi Fizi akamtia meno kinywani, ajaribu tu. Kila mteja alimfanyia hivyohivyo: hupapasa kwa vidole kama meno yanakutana vizuri, hutoa mkono, ndipo husema, "Uma." Leo ile asali ilikuwa imemteka akili. Mtu ameze mizinga mizima asijue utamu! Akapapasa magego, akawaza, akasema, "Uma!"

Kinyozi akafumba macho.

"Uma, baba, mbona huumi? Nataka nione yanavyokutana."

Zimwi hakuuma. Taya zikamtetemeka, mate yakamchuruzika hadi kwenye koti, koo likatoa mlio kama birika. Ndipo Bi Fizi akainua macho, akamtazama usoni. Uso ulikuwa umetota jasho, umekunjamana kwa woga, kama wa mwanamume aliyepakatishwa mtoto asiye wake, anaogopa kumwangusha. Akatazama chini. Mkono wake mwenyewe ulikuwa bado kinywani mpaka kifundo, katikati ya magego.

Akauchomoa, akaupangusa kwenye aproni.

"Ni yako," akasema. "Nitayamalizia leo hii, na chonge nitakuwekea."

"Shemeji, umerogwa?"

"Nimempa mkono wa bure, kautunza kuliko wewe unavyotunza masikio ya watu. Kimbia dukani ulete asali."

Kinyozi akaenda akinung'unika, akarudi mbio asipitwe na kitu. Meno yalipokuwa tayari, Bi Fizi akapaka asali kwenye ganda gumu la mkate, akampa. Tonge la kwanza zimwi alijiuma shavu, akanguruma hadi vioo vya kinyozi vikacheza.

"Kila mgeni wa meno hujiuma," Bi Fizi akasema. "Endelea. Polepole."

Akaendelea. Macho yakamtoka, yakafumba, yakafumbuka upya. Kinyozi akaweka mwavuli chini na kusogea karibu.

"Vipi? Unasikiaje?"

Zimwi akainua mkono, asibughudhiwe. Mkate ulikwishakuwa uji mdomoni, naye bado anatafuna tu.

"Meza sasa, baba," Bi Fizi akamwambia.

Zimwi akatikisa kichwa, mashavu yamejaa.

"Kumeza nakujua."